Nusu Pishi

Leseni tuliiandika usiku, Wete,
jenereta ya duka la Faki Mjaka ikikohoa,
watu watatu, kompyuta moja, kitufe cha H kimeng'oka.
Programu tukaiita Pishi:
nani kachuma karafuu kiasi gani, nani anamdai nani.
Sharti lilikuwa moja.
Atakayempa mwenzake nakala, ampe na msimbo wake,
ausome, aubadili, naye augawe.

Siku zile programu ilitembea kwa mkono,
sidii ndani ya gazeti, flashi ndani ya kijaluba cha tambuu.
Kutumia kulikuwa ni kupewa.
Nani angejua kuna siku
mtu atatumia kitu asichopewa?

Mstari wa nusu aliuandika Shaame.
Kipimo cha mwisho kikifika nusu, kihesabiwe pishi nzima,
kimwendee mchumaji.
Pembeni akaacha maelezo:
Usiguse hapa. Aliyekwea mkarafuu hadaiwi nusu.

Msimu huu kampuni imekuja na wingu lake.
Wachumaji wa Mtambwe wanabonyeza simu,
hesabu inafanyika huko, kwenye seva isiyojulikana mji,
jibu linarudi.
Ni Pishi yetu. Naijua kwa kilema chake:
tulikosea tahajia, tukaandika "karafu",
na "karafu" ndiyo inayorudi.
Nusu hazirudi.
Bimkubwa Makame, sita na nusu, kalipwa sita.
Asaa, tisa na nusu, tisa.
Wingu lote lile, na tone hakuna.

Niliwaandikia: nionesheni msimbo.
Wakajibu kwa adabu, na muhuri:
leseni yenu inamtaja anayetoa nakala;
sisi hatujampa mtu nakala.
Nikaisoma mara tatu.
Wana haki.
Herufi zimelala kwao, nia imelala kwetu,
na nia haina wakili.

Nyuma ya shule kuna kisima cha wakfu.
Hati yake yasema: kwa kila mwenye ndoo na kamba.
Akaja mtu na pampu, na mpira wa mita mia,
akawa anauza maji kwa madumu.
Akaulizwa. Akasema: ndoo sina, sharti halinihusu.
Msimamizi hakuichana hati.
Aliongeza mstari chini, wino mwingine, tarehe nyingine:
na kila kinachovuta maji ni ndoo.

Na mimi nimeongeza wangu:
na kumhesabia mtu kutoka mbali ni kumpa nakala.
Nimeufuta, nimeurudisha, siku kumi na moja.
Msimu uliopita hauugusi, hilo nalijua;
nusu za Asaa zimekwenda.

Tena leseni si kanga yangu, niikunje nitakavyo.
Riziki, aliyeko Maskati, amejibu kwa picha ya kidole gumba.
Shaame yuko Konde, mchangani, mwaka wa nne.
Usiku ule nilitaka tuandike "au toleo lolote lijalo."
Alikataa.
"Sitii saini karatasi ambayo haijaandikwa."
Nilinuna mpaka alfajiri.
Leo namwelewa, na leo ananichelewesha.

Kwa hiyo niko ukumbini kwa mjane wake, Time binti Hamad.
Wanawe wamekwisha kuridhia.
Yeye anataka kujua kwanza:
"Kilichokuwa cha wote, kitabaki cha wote?"
Kitabaki.
"Na huko chini, mbona pameachwa peupe?"
Nikamwambia habari za mashine mpya,
hazinakili, hazitumii,
zinaonja tu msimbo wa watu kisha zinajua kupika.
Sijui bado sharti lake litaandikwaje.
Akaguna.

"Mistari yake ilikuwa mingapi?"
Mia tatu kamili.
"Na mimi ni thumuni."
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Thelathini na saba na nusu.
Hiyo nusu je?"

Inapanda, nikamwambia. Alivyoandika mwenyewe.

Akavuta kalamu.